Wasifu wa baba ulikuwa na mistari saba, naomba niongezee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Najua barua za wasomaji huwa mnazipunguza ila hii nakuomba usiikate sana maana mwenyewe hayupo tena wa kujisemea. Mwezi uliopita tulimzika baba yetu kule Old Moshi kihambani kwao, yani kwenye shamba la ukoo, na kama ilivyo kwenye misiba yetu kabla ya kwenda kaburini ukasomwa wasifu wa marehemu. Aliusoma kaka yangu mkubwa. Mistari saba. Kazaliwa 1944, kasoma mpaka darasa la nane, kaajiriwa reli 1966, kafunga ndoa, kajaaliwa watoto sita na wajukuu kumi na wanne, kastaafu 1999, kaugua presha na figo, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Basi. Simlaumu kaka, aliandika usiku wa manane huku maturubai yanafungwa na watu wa jeneza wanapiga simu, nani angeweza kuandika zaidi ya pale. Ila mimi nilivyokaa kwenye kile kiti cha plastiki nikasikia "kaajiriwa reli 1966, kastaafu 1999" nikahesabu kwa vidole, ni miaka 33, na miaka 33 yote imepita kwa pumzi moja kabla hata sijatoa leso. Ndo maana naandika.

Kwanza baba hakua dereva wa treni. Nalisema mapema maana toka tukiwa wadogo ukisema baba yangu yuko reli swali linalofuata ni anaendesha? Hapana. Wala hakua stesheni masta wala gadi wala mkata tiketi. Baba alikua mtu wa genge, wale wanaokaa kwenye njia yenyewe, wenye sululu na mtaimbo na koleo na nyundo ya mpini mrefu, abiria akichungulia dirishani anawaona wamesimama pembeni wameshika vifaa vyao wanasubiri treni ipite warudi kazini, anawapungia mkono halafu anawasahau. Alianza genge la Makanya kule Upareni, akahamishiwa Kahe, mwisho akawa nyapara wa genge hapa Moshi mjini. Njia ni ile ile ya Tanga, Mjerumani alianza kuijenga 1893 akafika Moshi 1911, halafu Mwingereza akaivuta mpaka Arusha 1929. Kilomita kama 350 toka Tanga hadi hapa, na kila kipande kina genge lake, na kila genge lina mtu anayeamka kabla ya jua kwenda kuikagua njia kwa miguu.

Huyo anayeamka kwa miaka mingi alikua baba. Nilimuuliza siku moja kwanini lazima iwe alfajiri, si asubiri kupambazuke aone vizuri? Akaniambia chuma kikiwa na baridi kinajikunja, kama kuna ufa unajifungua, jua likishapanda chuma kinatanuka ufa unajifunga unaupita huuoni. Kwa hiyo unapita nao wakati wa baridi. Alikua anagonga kila kiungo kwa nyundo na kusikiliza, boliti iliyokaza inalia vingine na iliyolegea inalia vingine, na baba alikua anatuonyesha nyumbani kwa kugonga sufuria na kijiko, sufuria tupu, sufuria yenye maji, "umesikia tofauti?" Mchana jua la Makanya likiwaka ndo kazi nyingine inaanza, kuangalia zile nafasi kwenye viungo kama zimebaki, maana reli isipopata pa kutanukia inapinda yenyewe kama nyoka na treni ikija hapo ni maafa. Abiria anasikia tak-tak, tak-tak analala usingizi. Baba akisikia tak-tak alikua anasikia kazi yake, na ya mwenzake wa kipande kinachofuata.

Nikwambie kitu Mhariri, baba alikua anatembea vibaya. Yani sio vibaya, alikua na hatua fupi fupi zinazolingana, hata akiwa kwenye lami, hata akiwa anaenda mbele kanisani kutoa sadaka. Mama ndo aliyetufungua macho kwamba zile ni hatua za mataruma, vile vipande vinavyolazwa chini ya reli kuibeba. Ukitembea juu ya mataruma kila siku mguu unajifunza umbali wake na hausahau. Mataruma yenyewe mengi kwenye kipande chao yalikua ya chuma, toka enzi za Mjerumani, maana ya mbao mchwa walikua wanayamaliza.

Sasa nifike kwenye fimbo maana hii ndo iliyoniuma zaidi kukosa kwenye wasifu.

Reli yetu upana wake toka chuma hadi chuma ni mita moja kamili, milimita 1000. Baba alikua na fimbo aliyoichonga mwenyewe ya mti mgumu, urefu wake ni huo huo, mita moja bila kuzidi nywele. Kazini walikua na kipimo chao cha chuma, hii ya mti ilikua ya nyumbani. Aliiweka nyuma ya mlango wa kota na baadae nyuma ya mlango wa nyumba yetu ya Pasua. Na kila kitu kwetu kilipimwa kwa ile fimbo. Mashimo ya migomba kihambani, fimbo tatu tatu. Meza ya kulia, urefu fimbo moja na nusu. Banda la kuku. Na sisi watoto. Kila mwaka mpya tulisimamishwa ukutani, fimbo inasimamishwa pembeni, na siku kichwa chako kinapolingana nayo baba anasema kwa sauti kabisa "huyu kafika reli", na mama anachinja jogoo. Ukishafika reli kuna mambo yanabadilika, unaruhusiwa kwenda na baba kazini siku moja ya likizo, unabeba bendera. Bendera ya kijani wewe, nyekundu anaishika mwenyewe, hakuwahi kumpa mtoto nyekundu. Mimi nilifika reli nikiwa na miaka minne kasoro, wa kwanza kufika mapema kuliko ndugu zangu wote, na mpaka leo nina miaka hamsini na ushee nikikumbuka ile sauti yake najisikia mrefu.

Mama alimpata Makanya. Mama ni Mpare, alikua anauza uji na mihogo ya kuchemsha pale stesheni, treni ikisimama wanakimbilia madirishani, na baba alikua ananunua uji hata siku ambayo hana njaa, hii ni habari ya mama sio ya baba, baba alikua anakataa mpaka uzeeni. Wachaga na Wapare ni watani kwa hiyo ndoa yao ilikua na maneno mengi ila walikaa miaka 55. Kipindi hicho mfanyakazi wa reli alikua anapewa pasi ya familia kusafiri bure, basi likizo ya Desemba wenzetu wanapanda mlimani kula Krismasi sisi tunashuka Tanga kuona bahari. Usiku kucha. Baba badala ya kulala anatuamsha, hapa ni Lembeni, hapa Same, amkeni amkeni tunaingia Makanya sikilizeni viungo vyangu vinavyolia sawa. Sisi tunataka kulala! Tulikua tunaamka kwa ajili ya machungwa ya Muheza tu, mfuko mzima kwa bei ya bure, hiyo ya viungo nimekuja kuithamini nikiwa mtu mzima.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa umri wangu wanalijua kwa juu juu. Baba aliajiriwa na reli ya Afrika Mashariki, moja, Kenya Uganda na Tanzania. Kahe ndo pale njia ya kwenda Taveta mpaka Voi inapochepuka, njia iliyowekwa na Waingereza wakati wa vita ya kwanza. Genge la Kahe na genge la Taveta walikua kama ndugu, wanaazimana vifaa. Mwishoni mwa 1976 baba aliazima spana kubwa toka kwa mwenzake wa Taveta, Mtaita mmoja ambaye sisi tulikua tunamwita baba mdogo. Spana imegongwa herufi E.A.R., yani East African Railways. Kabla hajairudisha, Februari 1977 mpaka ukafungwa, Jumuiya ikavunjika mwaka huo huo, reli ikagawanywa, upande wetu likazaliwa Shirika la Reli Tanzania. Baba alienda kazini kama kawaida, alisema tofauti aliyoiona siku za mwanzo ni kichwa cha barua. Ila ile spana akaipaka grisi, akaifunga kwenye gunia, akaiweka chini ya kitanda na akakataza isitumike. Mama anasema kuna mwaka spana za genge zilipungua kabisa na wenzake wakamwambia itoe ile, akasema ile ni ya watu.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, wakati Nyerere na Moi na Obote wamekutana hapo Arusha. Wiki haikuisha baba akapanda basi kupitia Himo na Holili na gunia lake. Nilikua na miaka kumi na mimi nikaomba nikaenda nae. Tukamkuta baba mdogo kazeeka kidogo, bado yuko kazini. Walishikana mikono muda mrefu bila kusema kitu. Halafu yule mzee akaingia ndani akatoka na daftari la vifaa, la zamani, kurasa zimekua za njano, akafunua mpaka 1976, mstari upo, spana moja, Kahe, na nafasi ya kurudishwa iko wazi. Akaandika tarehe ya siku hiyo, baba akasaini. Ndo wakacheka. Ndo chai ikaletwa. Mimi nilidhani tumekwenda kutembea kumbe baba alikua anafunga mstari uliokaa wazi karibu miaka saba. Hiyo iko mstari wa ngapi kwenye wasifu, kaka yangu?

Sitaki msomaji adhani baba alikua mtu wa kazi tu asiye na nyumba. Ila ni kweli kazi ilimchukua. Mvua zile za El Nino za 97 kwenda 98, mdogo wetu wa mwisho alikua anapata kipaimara, gauni limeshonwa, pilau limeiva, baba hayupo. Usiku wa kuamkia siku hiyo maji yalichimba chini ya kalvati moja kwenye kipande chao, udongo umeondoka reli inaning'inia hewani, na kulikua na treni ya mizigo inatarajiwa. Alibandika vile vifataki juu ya reli, vile gurudumu likivikanyaga vinalipuka dereva ajue mbele kuna hatari, akasimama na taa nyekundu kwenye mvua mpaka treni ikaja ikasimama, halafu wakashinda pale wanajaza mawe. Alifika nyumbani saa mbili usiku matope mpaka kiunoni. Mdogo wangu alikua kanuna kajifungia. Baba hakuingia hata kuoga, alikaa chini nje ya mlango wa chumba chake akamuomba amsomee ungamo la imani kama alivyolisoma kanisani. Lote. Mtoto akaanza kwa hasira nyuma ya mlango, katikati akafungua mlango, akamalizia akiwa kamkalia pembeni na lile gauni jeupe likapata matope. Mama hajalifua lile doa, gauni lipo kwenye sanduku.

Alistaafu 1999. Habari za kiinua mgongo na alivyozungushwa na waliohusika sitaziandika, yeye mwenyewe alituzuia kuzisema, na waliosubiri kama yeye wanazijua. Kilichomuuma zaidi ni njia. Treni ya abiria ilikua imeshakoma miaka ya tisini, baadae na ya mizigo ikakoma, majani yakaota katikati, watu wakapanda mahindi mpaka kwenye kokoto. Vijana wakaanza kung'oa vyuma kuuza kwa wanaonunua chakavu. Baba na uzee wake alikua anakwenda asubuhi na kofia yake anatembea kwenye njia isiyopita kitu, na akiwakuta anawafukuza, na mara mbili alirudi kapigwa mawe. Tulimkataza. Tulimwambia baba hii sio kazi yako tena. Alijibu neno moja, "njia haijastaafu." Nakiri nilimwona anaanza kuchanganyikiwa, na leo namuomba msamaha hadharani kwenye gazeti hili.

Maana Desemba 2019 treni ya abiria ilirudi Moshi kutoka Dar, na mwaka uliofuata ikafika Arusha. Watu walijaa stesheni wanapiga picha. Baba hakutaka kwenda stesheni, alitaka apelekwe kwenye kivuko cha reli karibu na kwetu, akasimama kashikilia mkono wangu, na treni ilipopita akafumba macho. Nikajua analia. Halii. Anahesabu. Ikapita yote akafumbua macho akasema kuna kiungo kinagonga pale kwenye kona, waambiwe. Na kesho yake akaenda kuwaambia, na nawashukuru sana wale mafundi vijana, walimsikiliza, wakaenda nae mpaka pale na mmoja akapiga magoti akakaza. Januari nikampandisha treni kwenda Dar kwa mwanangu, hakulala, tumepita Makanya saa za usiku akasimama kwenye behewa mtu wa miaka 75 kashika dirisha. Nilikaa macho nae. Nilisikiliza viungo vyake.

Mjukuu akamwambia babu saivi kuna reli mpya ya SGR upana wake milimita 1435. Akamwagiza mti, akachonga fimbo ya pili, akaziweka mbili sambamba sebuleni akaziangalia siku nzima. Akasema hii inakaa vizuri kwenye kona. Alitaka sana aje aione, huko Dar mpaka Dodoma ilishaanza 2024, ila figo hazikumruhusu.

Ombi langu Mhariri ni hili. Mwanangu alikwenda Nairobi kwenye makumbusho ya reli akatutumia picha, kuna kichwa kikubwa cha mvuke kilichokua kinavuta mizigo Mombasa na Nairobi kimeandikwa Mount Shengena, na kingine Mount Gelai. Milima yetu hiyo! Shengena ni wa kina mama huko Same. Mama alivyoona aliomba picha isafishwe ikatundikwa. Sasa hapa Moshi stesheni ipo, jengo zuri, kwanini kisitengwe hata chumba kimoja kikawekwa nyundo, taa, vifataki, madaftari ya vifaa na majina ya watu wa magenge? Wazee wenyewe bado wapo wachache, Kahe, Same, Hedaru, Korogwe, tuma mwandishi wako akae nao hata nusu siku awaulize walikua wanasikia nini wakigonga. Na wewe msomaji ambaye mzee wako bado anaongea, kaandike wasifu wake leo, umsomee mwenyewe akusahihishe, usisubiri turubai.

Namaliza na siku ya mazishi. Gari lenye jeneza lilipofika kwenye kona ya kuingia kihambani, mtani wetu mmoja toka Makanya, mzee aliyewahi kufanya nae genge moja, akatokeza katikati ya njia na kanga nyekundu kaifunga kwenye fimbo, akasema treni haipiti, njia haijakaguliwa. Watu wakaanza kutoa hela za utani kama desturi, akazikataa. Akatembea mbele ya gari peke yake mpaka kaburini na kurudi, polepole, hatua fupi fupi za mataruma, anakanyaga kanyaga udongo, gari linasubiri, mchungaji anasubiri, hakuna aliyesema neno. Aliporudi akatoa kanga ya kijani mfukoni akaipeperusha. Hapo ndo nililia kwa sauti.

Kaburi lilipimwa kwa fimbo ya baba, ile ya mita moja, kaka alisisitiza, na ndo iliyopima kaburi la bibi mwaka 1988. Nimerudi nayo Pasua, ipo nyuma ya mlango. Chumba kikipatikana stesheni nitaipeleka kwa mikono yangu, ila sio mwaka huu. Mjukuu wa mwisho tulimsimamisha ukutani juzi, bado vidole vitatu afike reli.

Binti yake wa tatu,
Pasua, Moshi